Kila Dereva na Orodha Yake

 

Kila mwaka kurasa hizi hujaa makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa kudurusu mapema. Sina ugomvi nazo, na mwaka jana mimi mwenyewe niliandika mojawapo. Mwaka huu lakini nimemwomba mhariri nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa sauti ya chini tukirudi kutoka likizo, tukimwona mwalimu twanyamaza: michezo ya kompyuta, au kama tunavyoiita wenyewe, gemu. Sitaitetea kwa upofu wala sitailaani. Nataka kutoa maoni juu ya kitu kimoja tu ndani yake, nacho ni namna ya kupanga modi. Ukiniona napiga porojo, funga gazeti ukafue soksi. Ila nakuomba unisikilize kwanza, maana jambo hili liliniharibia udugu kwa muda wa wiki tatu.

Tuanze mwanzo, kwa ajili ya walimu wetu na wale wasiojua. Gemu ninayoizungumzia inaitwa Euro Truck Simulator 2. Ilitengenezwa na kampuni ya SCS Software ya mjini Prague, nchi ya Cheki, ikatoka mwaka wa 2012. Ndani yake wewe ni dereva wa lori. Unaanza huna mbele wala nyuma, unaendesha malori ya wenyewe kwa ujira. Ukipata kidogo unakopa benki, unanunua lori lako, unapanua gereji, hatimaye unaajiri madereva wengine wakufanyie kazi. Hakuna bunduki wala damu. Kuna mafuta ya kujaza, taa za barabarani za kutii, mzigo wa kufikisha kwa wakati, na faini ukiwa mkorofi. Mjomba wangu aliponiona naicheza mara ya kwanza aliuliza, "Sasa hii ni gemu ama ni kibarua?"

Barabara zake hata hivyo ni za Ulaya, na Ulaya ni mbali na Kanyakine. Hapo ndipo modi zinapoingia. Modi ni faili la ziada, lililotengenezwa si na kampuni bali na mchezaji mwenzako, ambalo ukiliweka ndani ya gemu hubadilisha kitu fulani. Vijana wa Kenya wametengeneza modi za mabasi yanayofanana na yale tunayoyapungia mkono kando ya barabara, pamoja na rangi zake, honi zake, hata barabara za huku kwetu. Wenye simu nao hawakuachwa nyuma. Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotengenezwa na kampuni ya Maleo ya Indonesia na kutoka mwaka wa 2017, imejazwa matatu za Kenya mpaka mtu anaweza kudhani Jakarta ni mtaa wa Nairobi.

Asikudanganye mtu kwamba haya ni mambo ya juzi. Gemu ya Doom, iliyotoka Marekani mwaka wa 1993, iliwekewa picha na ramani zake katika mafaili yaliyotengwa na programu yenyewe, ili mchezaji aweze kuingiza ya kwake. Tena, kwani matatu halisi ni nini kama si gari lenye modi? Linatoka kiwandani likiwa injini na fremu, fundi wa kwetu analiundia bodi, mwingine analichora, mwingine anatia muziki na taa za rangi rangi, likija barabarani ni nganya ya kusimamisha watu. Sisi Wakenya tulikuwa watu wa modi kabla hatujaona kompyuta.

Sasa nije kwenye hoja. Katika gemu hii unaweza kufungua madereva wengi ndani ya kompyuta moja. Kila mmoja ana jina lake, pesa zake, gereji yake na safari zake. Mimi nina wawili. Wa kwanza anaitwa Dere. Huyu ni wa nganya. Basi lake lina michoro, honi ya kuamsha kijiji, na modi inayoongeza nguvu ya injini. Faini za trafiki nimemzimia. Haulizi saa wala hali ya barabara. Wa pili anaitwa Mzee. Basi lake ni la kawaida, halina mbwembwe. Faini zake ziko wazi, uchovu wa dereva nimeuwasha, hivyo akiendesha muda mrefu bila kulala macho yanaanza kumfunga. Mwendo wake nimeufungia kilomita 80 kwa saa, kama zilivyoamuru zile Kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema waziwazi: kila dereva apewe orodha yake ya modi, isichanganywe na ya mwenzake hata kwa faili moja, na orodha hiyo iandikwe mahali. Najua wako watakaocheka. Mimi pia nilicheka, hadi Desemba ile.

Mjomba wangu ana kibanda sokoni. Anatoa nakala za vitambulisho, anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za watu. Nyuma ya kibanda kuna kompyuta ya mezani ya pili, kuukuu, ambayo wateja hawaitumii. Wakati wa likizo, mimi na mdogo wangu tukimaliza kuchuma majani chai, tunakwenda kumsaidia mjomba kupanga karatasi na kufagia, naye jioni anaturuhusu saa moja ya gemu kila mmoja. Saa moja, si zaidi. Mjomba hutazama saa kuliko refa.

Mdogo wangu alikuwa na dereva wake, Simba. Simba alianza na deni la benki kama wengine. Kwa likizo tatu mfululizo, saa moja moja kila jioni, mdogo wangu alimlea mpaka akalipa deni, akanunua mabasi mawili na kuweka gereji katika mji mmoja wa ile ramani ya Kenya tuliyokuwa tukiitumia. Mapato yote aliyaandika kwenye daftari la mistari, nyuma ya kazi zake za Hisabati. Hakutumia modi ya pesa hata siku moja. Nilipomwambia iko, alinijibu, "Hiyo ni kuiba, kaka."

Desemba hiyo nikapata bando la intaneti kwa bahati, nikapakua furushi jipya la nganya kwa ajili ya Dere. Mtengenezaji alikuwa ameandika kwamba nganya hizo zinataka ramani toleo jipya. Nikaipakua na ramani. Kompyuta ikaniambia nafasi imejaa. Mimi bila kufikiri mara mbili nikaifuta ramani ya zamani, nikaweka mpya mahali pake. Nikamfungua Dere. Lo! Honi ilikuwa tamu, nasema kweli. Saa yangu ikaisha nikatoka nikipiga mluzi.

Akaingia mdogo wangu. Akambonyeza Simba. Gemu ikaanza kupakia, ikasita, ikajifunga yenyewe. Akajaribu tena. Ikajifunga. Mara ya tatu nikaja mimi, nikajaribu kwa ujuzi wangu wote, na nilipoisoma ile ripoti ya makosa nikaelewa. Katika ramani mpya mtengenezaji alikuwa amezipanga upya barabara, na ule mji wa gereji ya Simba haukuwapo tena. Kumbukumbu za Simba zilikuwa zinatafuta mahali ambapo hapapo. Nikarudi mtandaoni kutafuta ramani ya zamani, nikakuta kiungo kimeondolewa. Nikawauliza marafiki hadi Nkubu kama yupo mwenye nakala kwenye flashi. Hakuna.

Nilitegemea mdogo wangu alie au anirushie kitu. Hakufanya lolote. Alifunga daftari lake, akasema, "Kaka, yaani umemuua Simba kwa sababu ya honi?" Kisha akaenda kufagia, na ilikuwa zamu yangu. Wiki tatu hatukuzungumza ila la "pitisha chumvi". Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema.

Katika wiki hizo tatu nilijifunza jinsi gemu yenyewe inavyofanya kazi, jambo ambalo ningelijua kabla, haya yasingetokea. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea.

Kila dereva ana orodha yake ya modi zilizowashwa. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuchagua dereva, kuna kitufe cha kupanga modi. Upande mmoja unaona modi zote zilizopo, upande wa pili unaona zile ulizomwashia dereva huyo. Ukimwashia Dere nganya, Mzee hapati kitu. Hadi hapo ni salama. Lakini mafaili yenyewe, yale yenye mkia wa .scs, yote yanakaa kwenye folda moja iitwayo "mod". Kwa maneno mengine, orodha ni za kila mtu lakini ghala ni moja. Mimi nilidhani kwa kuwa nilikuwa namhudumia Dere, nilikuwa nagusa mali ya Dere. Kumbe nilikuwa nimeingia ghalani na kutupa gunia la mwenzangu.

La pili ni mpangilio. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, ile iliyo juu kwenye orodha ndiyo inayoshinda. Ukiweka modi ya sauti juu ya ile ya basi, unasikia sauti mpya. Ukizigeuza, huisikii, nawe utadhani faili ni bovu. Kwa hiyo kujua una modi gani hakutoshi, lazima ujue zimepangwaje. Orodha ya Dere ikiwa na modi kumi, na ya Mzee ikiwa na nne, kichwa chako hakiwezi kuzikumbuka zote pamoja na Kemia.

La tatu lilinishangaza. Kila dereva ana folda yake ndani ya folda nyingine inayoitwa "profiles", lakini jina lake halisomeki kama jina. Ni msururu wa tarakimu na herufi. Dere wangu ni 44657265. Mzee ni 4D7A6565. Nilidhani ni virusi! Baadaye nikagundua kwamba ni jina lilelile limeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: D ni 44, e ni 65, r ni 72, e tena ni 65. Mwalimu wetu wa Kompyuta alipotufundisha hesabu hiyo darasani nilikuwa nasinzia. Laiti ningalijua kwamba ipo siku nitaitumia kumtafuta maiti Simba, ambaye ni 53696D6261, ningalikaa kiti cha mbele.

Jioni moja mjomba, aliyekuwa amechoka na ukimya wetu, aliniita mbele ya kibanda. Akanionyesha kabati lake. Ndani mlikuwa na bahasha za kaki, kila moja ina jina la mteja. Akasema, "Mwanangu, mwaka wa kwanza nilikuwa naweka karatasi zote kwenye droo moja. Siku moja nikampa mama mmoja nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwingine. Alisafiri nacho hadi Embu kabla ya kugundua. Tangu siku hiyo, kila mteja na bahasha yake. Hata akija kutoa nakala moja tu." Hakutaja gemu. Hakuhitaji.

Nikajua hapo kwamba tatizo langu halikuwa la kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mdogo wangu mwenye umri mdogo alikuwa na daftari. Mimi mkubwa nilikuwa na pupa.

Sasa acha nijibu wanaonipinga, maana mwandishi wa maoni asiyewajibu wapinzani wake anajisemea peke yake.

Wa kwanza ni rafiki yangu wa darasani, ambaye tumebishana naye mara si haba. Yeye husema, "Mambo ya orodha mbili ni ya nini? Mtie dereva mmoja kila kitu, umalize." Nilijaribu shauri lake. Nilimchukua Mzee nikamwashia vikorokoro vya Dere, na juu yake modi ya pesa. Siku hiyo Mzee alilala maskini akaamka milionea. Alinunua mabasi kumi kabla ya chai. Siku ya pili nilimfungua nikakaa nikimtazama, sikuwa na pa kumpeleka. Safari ya kutoa mzigo upate shilingi chache inakuwa na maana gani kwa mtu mwenye mamilioni? Nilikuwa na madereva wawili, nikabaki na mmoja na nusu, na yule nusu hakuwa na ladha. Dere ni raha kwa sababu Mzee yupo. Ukichoka na fujo unakwenda kwa Mzee, ukichoka na utaratibu unarudi kwa Dere. Ukiwachanganya, huna pa kukimbilia. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Wa pili ni yule anayesema, "Si ni gemu tu?" Huyu namheshimu, kwani mara nyingi ni mzazi au mwalimu. Namjibu hivi: ndiyo, ni gemu tu. Lakini saa za mdogo wangu hazikuwa gemu. Likizo tatu, jioni baada ya jioni, mtoto aliyechuma chai tangu asubuhi alikaa na kujenga kitu bila kuiba. Kilichopotea ni kazi yake, na kazi ya mtu haiwi ya bure kwa sababu ilifanyiwa kwenye kioo.

Wala si sisi tu wa huku tunaohangaika na jambo hili. Wachezaji wa Skyrim, gemu iliyotoka Novemba 2011, hutumia modi kwa mamia. Mtu mmoja huwa na shujaa mchawi mwenye modi zake na shujaa wa upanga mwenye za kwake. Wametengenezewa programu iitwayo Mod Organizer, ambayo huweka kila modi katika folda yake mbali na mafaili ya gemu yenyewe, na humpa kila shujaa orodha yake, mpangilio wake, hata kumbukumbu zake za mchezo akitaka. Ukitazama vizuri utaona kwamba ni kabati la mjomba lilelile, na bahasha zilezile za kaki. Watu wa mbali na wa karibu wamefika pale pale kwa sababu maumivu ni yale yale.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayecheza, nakupa utaratibu tunaoufuata sasa kibandani kwa mjomba. Si sheria ya serikali, ni uzoefu wa aliyeungua.

Kwanza, mpe dereva wako sababu kabla ya kumpa modi. Andika kwa sentensi moja yeye ni nani. "Mzee ni dereva wa masafa anayefuata sheria." Modi yoyote isiyoendana na sentensi hiyo, hata iwe tamu namna gani, si yake.

Pili, andika orodha ya kila dereva kwenye daftari, kutoka juu hadi chini kama ilivyo kwenye gemu, pamoja na toleo la gemu. Modi iliyotengenezwa kwa toleo la zamani huenda isikubali toleo jipya, na bila kuandika hutajua lini mambo yaliharibika.

Tatu, usifute faili ghalani kabla ya kuuliza nani mwingine anayelitumia. Ikija ramani mpya, iache ya zamani mahali pake na wala usiibadilishe jina, kwa sababu orodha ya dereva hulitambua faili kwa jina lake. Ile mpya ndiyo uipe jina tofauti. Zote mbili zinaweza kukaa ghalani bila kugombana, mradi dereva mmoja asiwashiwe zote kwa pamoja.

Nne, kabla ya kujaribu kitu kipya, nakili folda ya dereva kwenye flashi, pamoja na yale mafaili ya modi anayoyategemea. Flashi hailali njaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu ulichukua wiki tatu.

Tano, modi mpya ijaribu kwa dereva wa majaribio asiye na thamani. Sisi tunaye mmoja, tumempa jina Panya. Maskini Panya amekufa mara nyingi, hakuna aliyemlilia.

Nimebakiza jambo moja ambalo limenifanya nishike kalamu hasa. Barabara ya Meru kwenda Embu tunaijua wote. Wengi wetu tunaipitia kuja shuleni. Ukishuka kuelekea Chuka unakutana na daraja la Mto Nithi, lenye mteremko na kona. Mwezi Julai mwaka wa 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza daraja hilo kutuliza. Kila nikipita hapo abiria hunyamaza, hata makanga hunyamaza.

Niliwahi kumsikia kijana mmoja, anayetarajia kuwa dereva wa matatu, akijisifu jinsi anavyokata kona kwenye gemu kwa kilomita 120. Sikubishana naye juu ya ustadi wake. Nilimwuliza tu, "Huyo anayekata kona ni nani? Ni Dere ama ni wewe?" Hakunielewa, na pengine sikuuliza vizuri. Nilichotaka kumwambia ni hiki. Mtu aliyezoea kutenga orodha anajua kila mara yuko kwa dereva yupi, na sheria gani zimewashwa. Anajua kwamba Dere hapigwi faini kwa sababu yeye mwenyewe alizizima faini kwa kidole chake. Aliyechanganya kila kitu hukosa mpaka huo. Siku moja anashika usukani wa kweli, au pikipiki ya kaka yake, huku orodha ya Dere bado imewaka kichwani. Mzee na Dere wote ni wangu, lakini barabarani ni Mzee peke yake anayeruhusiwa kutoka. Kwenye gemu nina nakala ya Simba kwenye flashi. Abiria wa Nithi hawakuwa na nakala.

Kwa walimu wetu wapendwa, ninajua simu haziruhusiwi shuleni, nami siombi ziruhusiwe. Siombi pia gemu ziletwe maabara. Ninachoomba ni kidogo. Tunapofundishwa folda, nakala za akiba na hesabu ya kumi na sita, tupewe mifano kutoka mambo tunayoyahangaikia likizoni. Mwanafunzi atakayeambiwa kwamba somo hilo lingemwokoa Simba hatasinzia. Nawahakikishia kwa sababu mimi ndiye niliyesinzia.

Na mdogo wangu je? Mwisho wa likizo alikuja mwenyewe nyuma ya kibanda. Hakusema nimekusamehe. Alivuta kiti, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika juu kabisa: "Simba wa Pili." Chini yake akapiga mistari mitano ya modi, akanisukumia kalamu. "Weka sahihi hapa kaka, kwamba hutaigusa hata moja." Nikaweka sahihi. Mjomba akawa shahidi, akagonga na muhuri wa kibanda juu yake.

Simba wa Pili sasa ana lori moja na deni la benki. Juzi wakati wa likizo fupi alipeleka mzigo wake wa nane. Nilikuwa nimekaa kando yake, nikihesabu pamoja naye.

Ni mimi wenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.